Amri Zilizojifunza Kujibu

Ukitoka mjini Nyeri kwa barabara ya Mweiga, Mlima Kenya unakuwa mkono wako wa kulia na safu za Nyandarua mkono wa kushoto. Kilomita sita hivi mbele kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Ukiendelea unafika Mweiga yenyewe, mji mdogo wa maduka, matatu na wakulima, ambao ndio wenye makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare. Watalii hupita hapo wakiwahi tembo na vifaru. Chuo walichokiacha nyuma nacho kina hifadhi yake ya wanyama, na hapo ndipo kompyuta na msitu vimekutana kwa namna inayostahili kusimuliwa.

Mwaka 2016 Ciira wa Maina, mhadhiri wa chuo hicho, akiwa na David Muchiri na Peter Njoroge, alichapisha rekodi ya sauti za hifadhi hiyo. Walinasa sauti kwa gharama ndogo, kisha sehemu ya rekodi ikasikilizwa na kuandikwa majina ya ndege waliosikika. Matokeo yalionyesha ndege gani wako wapi, na yakaonyesha pia kwamba barabara kuu ina athari kwa ndege wanaoishi karibu nayo. Katika utafiti wake wa kusikiliza ndege Maina ametumia Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35. Mmoja wa ndege ambao ameifunza mashine kuwatambua ni shorobo wa Hartlaub, ndege wa milima ya Afrika Mashariki anayefunua wekundu wa mbawa zake anaporuka.

Kompyuta ya namna hiyo ikiwekwa nje haina skrini wala kibodi, na haina mtu wa kuketi mbele yake. Betri ikiisha na kuchajiwa tena, au stima ikikatika na kurudi, lazima iamke yenyewe, ianze kunasa sauti yenyewe, na programu ya kunasa ikianguka iinuke tena bila kuitwa. Programu inayofanya kazi hivyo, chinichini, pasipo mtu kuibonyeza, huitwa huduma. Seva ya tovuti ni huduma. Hifadhidata ya shule ni huduma. Hata saa ya kompyuta, inayojirekebisha kupitia intaneti, inarekebishwa na huduma.

Mtu huzisimamia huduma hizi kwa kuandika amri kwenye kidirisha cheusi: anza, simama, anza upya, uko hali gani? Maneno manne ambayo mtoto wa darasa la tatu anayaelewa. Lakini imechukua zaidi ya miaka 40 kuifikisha kompyuta mahali ambapo maneno hayo manne yanaandikwa kwa urahisi na, la muhimu zaidi, yanajibiwa kwa namna inayomsaidia aliyeuliza.

Wataalamu waliita programu hizi pepo, kwa Kiingereza daemon, kabla hawajaziita huduma. Mwaka 1963, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, wahandisi wa Project MAC walikuwa na programu zilizofanya kazi nyuma ya pazia bila kuchoka. Wakazipa jina la kiumbe wa kufikirika aliyebuniwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell, kiumbe mdogo anayepanga molekuli usiku na mchana. Mtu wa pwani aliyelelewa na hadithi za majini wa kutumwa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Jina limebaki hadi leo: herufi d mwishoni mwa sshd, httpd au systemd ni ya pepo huyo.

Miaka sita baadaye, mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo endeshi wa Unix katika maabara za Bell. Hapa ndipo ulipoanzia ufupi wa amri ambao huwatesa wanafunzi hata leo. Chombo walichoandikia kilikuwa taipureta ya simu, Teletype Model 33, iliyopiga herufi 10 tu kwa sekunde, kwa kishindo, kwenye karatasi. Kila herufi ilikuwa kazi ya kidole na muda wa kungoja. Ndiyo maana kunakili kukawa cp, kuhamisha kukawa mv, kufuta kukawa rm. Na kwa kuwa jibu refu lilikula karatasi na dakika, desturi ikajengeka kwamba amri iliyofanikiwa hainyanyui mdomo. Hujaona kosa? Basi mambo ni shwari.

Kwa kunakili faili, desturi hiyo haina ubaya. Kwa huduma, ina ubaya mkubwa. Faili likishanakiliwa limenakiliwa. Huduma inaweza kuanza sasa na kufa baada ya sekunde mbili, wakati amri iliyoianzisha imeshamaliza kazi yake na kunyamaza. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Msimamizi wa seva ndiye aliyeusikia mshindo huo, kwa kawaida asubuhi, watu wakiuliza mbona tovuti haifunguki.

Mwaka 1983 kampuni ya AT&T ilitoa Unix System V, mfumo ulioupa jina mpango wa kuwasha huduma ambao ungeitawala dunia ya seva kwa takriban miaka 30. Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kila huduma iliandikiwa hati ndogo ya amri na kuwekwa kwenye folda moja. Kando yake kulikuwa na folda nyingine zenye viungo vilivyopewa majina kama S20 au K80: S ya kuanza, K ya kuua, na nambari ya kupanga foleni. Kompyuta ikiwaka ilipita foleni hiyo mmoja mmoja, kama kondakta anayekusanya nauli kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma. Wa 20 akikwama, wa 21 anangoja.

Mpango huo ulikuwa na uzuri ambao haupaswi kusahauliwa. Mwanafunzi aliyetaka kujua huduma inaanzaje alifungua hati na kuisoma, mstari kwa mstari, kwa lugha ileile aliyokuwa akijifunza. Hapakuwa na siri. Wengi wa kizazi cha kwanza cha wasimamizi wa mitandao wa Afrika Mashariki waliielewa kompyuta kwa njia hiyo.

Kizazi hicho kilikuwa na madarasa yake. Mwaka 1999 ilianzishwa KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti za Kenya. Mwaka 2000 kundi la wahandisi wa mitandao wa Afrika, AfNOG, lilifanya mafunzo yake ya kwanza Cape Town, na mwaka 2006 mafunzo hayo yakafika Nairobi. Yalikuwa mafunzo ya mikono: mtu anaketi mbele ya mashine, anaweka seva ya barua pepe au ya majina ya mtandao, anaivunja, anaitengeneza. Huko walitumia sana FreeBSD, mfumo unaofuata mtindo wa Unix kama Linux, kutoka ukoo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Shida ilianza mhitimu aliporudi kazini. Tuseme kazi ilikuwa moja tu: kuhakikisha seva ya tovuti, Apache, inaanza kila kompyuta inapowaka. Kwenye FreeBSD alifungua faili la mipangilio na kuandika apache22_enable="YES". Akikuta ofisi inatumia Red Hat, aina mojawapo ya Linux, programu ileile iliitwa httpd, na amri ilikuwa chkconfig httpd on. Akihamia ofisi ya Debian, aina nyingine ya Linux, programu ileile ikageuka jina kuwa apache2, na amri ikawa update-rc.d apache2 defaults. Programu moja, majina matatu, amri tatu, na hakuna hata amri moja iliyomsaidia kuikisia nyingine. Ni kama kufundishwa kuendesha gari, kisha ukapewa la pili lenye breki mahali pa klachi.

FreeBSD, hata hivyo, ilikuwa na jibu moja dogo ambalo linastahili sifa. Ukijaribu kuanzisha huduma ambayo hujaiandikisha kwenye faili la mipangilio, mfumo haukunyimi kwa kununa. Unakuambia haiwezekani kuianzisha, kisha unakupa njia mbili: iandike kwenye faili lile, au tumia neno onestart kama unataka iwake mara hii moja tu. Sentensi moja, na ndani yake kuna kosa, sababu na dawa. Aliyeandika sentensi hiyo alimfikiria mtu wa upande wa pili.

Red Hat nao walijaribu kuvunja kimya kwa rangi. Huduma ikianza, neno OK la kijani kibichi lilitokea ukingoni mwa skrini. Ikishindwa, neno jekundu. Ilipendeza, lakini kijani hicho kilidanganya. Kilimaanisha tu kwamba hati ya kuanzisha ilifika mwisho bila kulalamika. Kwamba huduma yenyewe bado iko hai, hilo hakuna aliyelihakikisha. Msimamizi mwenye uzoefu alijifunza kutokiamini, akawa anaorodhesha michakato yote ya kompyuta na kutafuta jina kwa macho yake.

Wakati huohuo, nje ya vyumba vya seva, kulikuwa na watu wengi zaidi walioandika amri kila siku pasipo kujua kwamba wanafanya hivyo. Mama anayeuza viazi Mweiga alipotaka kumrushia mwanawe salio la simu, aliandika *140*50* kisha nambari ya mwanawe, akamalizia na alama ya reli. Hiyo ni amri kamili ya kompyuta: jina la kazi, kiasi, mlengwa, na ishara ya kutuma. Kukosea mpangilio ni kukataliwa. Hata hivyo watu waliishika, kwa sababu kampuni ya Safaricom iliipa huduma hiyo jina la kitenzi ambacho kila mtu alikuwa nacho nyumbani: sambaza. Mtu hakujifunza jina jipya. Alijifunza tu wapi pa kuliweka. Hata salio la mkopo lilipokuja, lilikuja na jina la kuokoa jahazi, na hakuna aliyehitaji mwongozo.

M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilienda hatua nyingine. Badala ya kumtaka mtu akumbuke mpangilio wa nyota na nambari, ilimwuliza jambo moja baada ya jingine: unamtumia nani, kiasi gani, nambari ya siri ni ipi. Baadaye ukaja utaratibu wa Hakikisha, unaomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Na kila shughuli huacha ujumbe wenye nambari ya kumbukumbu, kiasi, jina, tarehe na salio. Ujumbe huo ndio uliojenga imani. Mkulima wa Mweiga hakuhitaji kujua seva iko wapi. Alihitaji kujua kilichotokea, na aliambiwa.

Wahandisi wa mifumo nao walikuwa wakielekea huko, kwa njia yao.

Januari 2005 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa Solaris 10, na ndani yake mfumo mpya wa kusimamia huduma. Ulileta amri iliyopaswa kuwa maarufu kuliko ilivyokuwa: svcs -x. Maana yake, kwa lugha ya kawaida, ni hii: nieleze kuna nini. Ukiiandika bila kutaja huduma yoyote, kompyuta inatafuta yenyewe kilicho kigonjwa. Kisha inajibu kwa mistari michache yenye vichwa. Hali: huduma hii imesimamishwa tangu saa fulani. Sababu: ilijaribu kuanza mara kadhaa ikashindwa. Tazama: ukurasa huu wa mwongozo, na faili hili la kumbukumbu. Athari: huduma nyingine kadhaa zinazoitegemea hazifanyi kazi. Daktari mzuri wa zahanati huongea hivyo na ndugu wa mgonjwa. Kabla ya hapo msimamizi alilazimika kuyajua mambo hayo manne kwa kuyatafuta sehemu nne tofauti. Lakini Solaris ilijulikana zaidi kwa mashine ghali, na wanafunzi wachache wa Kenya waliwahi kuigusa.

Waliyoigusa ilikuwa Ubuntu, nayo aina ya Linux. Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004, likigharamiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa kampuni yake, Canonical, ilituma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Kwa kijana ambaye intaneti yake ilikuwa ya kulipia kwa dakika kwenye saiba, bahasha hiyo ilikuwa mlango. Oktoba 2006, katika toleo la 6.10, Ubuntu ilileta Upstart, kazi ya Scott James Remnant. Foleni ya nambari ikaanza kuondoka, na huduma zikaanza kuwaka kwa kufuata matukio: diski imeonekana, mtandao umepatikana, basi anza. Na amri zikawa fupi kwa namna yenye busara. Mtu aliandika start na jina la huduma, basi.

Kisha, tarehe 30 Aprili 2010, Lennart Poettering, mhandisi wa Red Hat, alitoa andiko refu lililotangaza systemd, mradi aliokuwa ameuanza na Kay Sievers. Mradi huo ulitaka kuibadilisha programu ya kwanza kabisa inayowaka kwenye Linux, ile yenye nambari 1, mama wa programu nyingine zote. Linux ya Fedora iliupokea mwaka 2011 na Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014. Ndani ya Debian ulizua ugomvi mkali. Kamati ya ufundi ilipiga kura Februari 2014, systemd ikashinda, na baadhi ya wasioridhika wakaondoka kuanzisha Devuan, Debian isiyo na systemd.

Waliopinga walikuwa na hoja, na haifai kuzidharau. Walisema mfumo umemeza kazi nyingi mno. Walisema kumbukumbu za matukio, zilizokuwa maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa chombo chochote, sasa zimefungiwa katika muundo unaohitaji chombo maalumu. Walisema pia, na hapa walisema kweli, kwamba mwanafunzi hatafungua tena hati ya kuanzisha na kuisoma kama hadithi. Kitu kilipotea hapo.

Lakini tazama kilichopatikana. Amri moja, systemctl, kwa karibu kila aina ya Linux yenye jina. Na mpangilio wake unafuata sarufi ambayo Mswahili anaijua tangu utotoni. Kwa seva ya tovuti iitwayo nginx, amri ya zamani ilikuwa service nginx restart, yaani nginx anza upya: mtendwa kwanza, kitendo baadaye. Mpya ni systemctl restart nginx, anzisha upya nginx. Hakuna mtu Mweiga anayesema taa washa. Anasema washa taa.

Ukiandika systemctl status na jina la huduma, jibu linaanza na alama ndogo. Kijani, huduma iko hai. Nyekundu, imeanguka. Jina linafuata, pamoja na maelezo yake mafupi. Kisha faili la mipangilio yake liko wapi, na kama imeandikwa kuwaka yenyewe. Kisha tangu lini iko katika hali hiyo, tena kwa tarehe na kwa lugha ya binadamu: siku 3 zilizopita. Namba ya mchakato, kumbukumbu iliyotumika, na chini kabisa mistari ya mwisho ya yale huduma yenyewe iliyoyasema kabla ya kuanguka. Mistari hiyo ya mwisho ndiyo tunu. Mara nyingi jibu lote limo humo: mlango wa mtandao umeshashikwa na programu nyingine, au faili halipo, au mtu alisahau nukta-mkato kwenye mstari wa 14.

Bado lilibaki fundo moja ambalo limewanasa wengi kuliko yote. Kuna start na kuna enable. Yanafanana machoni mwa anayeanza, na hayafanani kabisa. Watu wa mashamba ya maua na ngano ya ukanda huu wataelewa upesi wakiambiwa hivi: start ni kibarua wa leo, enable ni aliyeandikwa kazi. Kibarua wa leo anachapa kazi vizuri mchana kutwa, lakini kesho usimtafute. Aliyeandikwa kazi atakuja kesho na keshokutwa, lakini kama umemwandika leo saa nane hana sababu ya kuonekana shambani leo, mpaka umwite.

Fikiria fundi wa kompyuta wa shule moja kando ya barabara ya Mweiga. Jumatatu anaweka seva ya mtihani wa majaribio, anaandika start, anajaribu, inafanya kazi, anaenda nyumbani ameridhika. Usiku mvua inanyesha, stima inakatika, inarudi alfajiri. Kompyuta inawaka. Seva ya mtihani haiwaki, kwa kuwa hakuna aliyeiandika kazi. Hakuna kilichoharibika, hakuna ujumbe wa kosa, na wanafunzi 40 wameketi. Kosa si la fundi peke yake. Chombo kilichopokea start na kunyamaza kilikuwa na nafasi ya kumwambia, kikaiacha ipite.

Mwaka 2015, katika toleo la 220, systemd iliongeza neno dogo: enable --now. Mwandike kazi, na aanze sasa hivi. Mambo mawili ambayo karibu kila mtu alitaka kuyafanya pamoja, kwa amri moja. Mwaka huohuo ulikuwa mwaka wa mambo mengi. Aprili, Debian 8 na Ubuntu 15.04 zilitoka zote zikiwa na systemd. Juni, watafiti na wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walikusanyika Nyeri, katika Chuo cha Dedan Kimathi, kwa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa, wakijifunza kuchambua data za bara hili wakiwa ndani ya bara hili. Na Septemba, Raspbian, mfumo wa Raspberry Pi, nao ukahamia kwenye systemd. Amri zilizokuwa za vyumba vya seva vya Nairobi na California zikawa ndizo amri za kompyuta ya dola 35 inayoweza kufungwa mtini.

  

Marekebisho mengine katika systemctl yalikuwa madogo madogo, na historia ya urahisi imejaa madogo madogo. Matoleo ya mwanzo yalitaka uandike jina kamili, nginx.service, baadaye yakakubali nginx tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimaanisha kitu kingine. Ukibadilisha faili la mipangilio na kusahau kuuarifu mfumo, sasa unaonywa kwamba faili limebadilika, na amri ya kuandika unapewa papo hapo. Mfano bora zaidi ni ushauri unaotokea huduma ikishindwa kuanza. Zamani ulisema: tazama journalctl -xe, amri ya kusoma kumbukumbu za matukio. Ukiitii, ulimwagiwa kumbukumbu za kompyuta nzima, na tone lako ulitafute katika mafuriko. Sasa unasema journalctl -xeu, na kuongeza jina la huduma yako. Herufi moja na jina, na mtu anafikishwa mlangoni badala ya kuachwa stendi.

Herufi x katika amri hiyo ina kazi yake, nayo haijulikani sana. Inaiambia kompyuta iongeze maelezo chini ya baadhi ya matukio: hiki ni nini, na maana yake nini. Maelezo hayo yamewekwa kwenye faili la maandishi, kila lugha na faili lake. Kifaransa kimo, Kipolandi kimo, Kirusi kimo, Kibelarusi pia kimo, lugha yenye wasemaji wachache sana ukilinganisha na Kiswahili.

Kiswahili hakimo, lakini si kwamba hakiwezi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, baada ya kuketi na kuamua menyu, faili na uumbizaji viitweje. Kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko hii kwa mbali. Maelezo ya journalctl ni aya chache chache, zinazoweza kutafsiriwa na kikundi cha wanafunzi wanaoijua Linux na wanaoipenda lugha.

Kuna hatua nyingine isiyohitaji kumsubiri mtu. Kila huduma ya systemd ina mstari unaoitwa Description, maelezo mafupi ya kazi yake, na mstari huo hukubali lugha yoyote. Wanaotengeneza vinasa sauti, vipima mvua na seva za shule kando ya barabara ya Mweiga wanaweza kuuandika kwa Kiswahili leo: Kinasa sauti za ndege, hifadhi, nguzo ya 3. Fundi atakayeitwa alfajiri, stima ikiwa imerudi, ataandika systemctl status, na maneno hayo ndiyo atakayoyasoma kwanza, kando ya alama ya kijani au nyekundu.